Mstari Mpana wa Kurudi Nyumbani

Kuna mstari mmoja ulioninyima usingizi nilipokuwa kijana, mwanangu, na haukuwa mrefu kuliko kidole changu. Nikiuchora mwembamba, utaungua. Nikiupanua, utamgusa jirani yake. Nikimsogeza jirani, naye atamgusa mwingine, na mwisho bodi nzima ya umeme itanidai nianze upya. Nililala na swali hilo, na nilipoamka lilikuwa limezaa mengine.

Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona karakanani ukifuta mchoro wako kwenye kompyuta, ukiuchora tena, ukiufuta tena, huku unauma kucha. Nilipita nyuma yako. Nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nimetoka kuhitimu elektroniki hapa Butembo, na diploma yangu ilikuwa haijapata hata mkunjo. Tuliishi mtaa wa Vulamba, mimi na mama. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alikuwa mgonjwa wa tumbo, ule ugonjwa unaomla mtu kutoka ndani, na wauguzi walikuwa wameacha kutuambia turudi lini. Mdogo wangu Kakule alikuwa Beni, mtaa wa Beu, na barabara ya kutoka kwake hadi kwetu ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki.

Hao wawili waliachana vibaya. Kakule alitaka kwenda Beni kufanya biashara ya mbao, mama akamkataza kwa sababu ya ile barabara. Kakule akamjibu, "Mama, humu ndani tuko tunakaa sawa batu ba kungojea kufa." Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mbuzi, akasimama mlangoni akasema: "Basi enda. Usinione tena na macho yako."

Akaenda. Haukupita muda, njia ikafungwa nyuma yake.

Mwanangu, ninyi mnasema maneno ni upepo. Kwetu neno la mzazi lilikuwa na uzito kama jiwe la kusagia. Wazee walitufundisha kwamba neno lililotupwa na mzazi halirudishwi kwa barua wala kwa mjumbe: kinywa kilichotoa ndicho kinachorudisha, na sikio lililopokea ndilo linalosikia likirudishwa. Mzazi akifa kabla ya hapo, mtoto anabaki amebeba. Mama alikuwa mtu wa rozari, na padri alikuwa amekwisha kumwondolea dhambi. Haikumtosha. "Mungu amesikia," aliniambia, "mais Kakule hajasikia."

Njia iliyobaki ilikuwa foni ya parokia, ile redio ya kuzungumzia mbali, ambayo watu walipanga foleni kuulizia ndugu zao. Lakini siku moja jenereta la parokia lilirusha umeme wa ghafla, ukaichoma bodi ndogo iliyokaa kati ya betri na foni, ambayo kazi yake ilikuwa kusawazisha umeme. Haikufa yote. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Foni inaposikiliza hula umeme kidogo. Inaposema hula mwingi. Bodi ile iliyoungua nusu iliweza kulisha masikio, ikashindwa kulisha mdomo.

Kwa hiyo kila alasiri tulimsikia Kakule.

"Butembo, Butembo, huku Beni. Niko nauliza mama. Mama iko muzima? Yaya Masika, ujibu." Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye mimi.

Papa Katembo, mwendeshaji wa foni, alibonyeza kitufe ili amjibu. Taa ikazimika, foni ikafa. Akaiwasha tena, na Kakule alikuwa bado anauliza. Siku moja tulimsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, amesahau kuachilia kitufe, "Labda banaringia. Labda bangali na kasirani." Nilitoka nje nikasimama kwenye ule udongo mwekundu, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Papa Katembo akanifuata. Alikuwa mtu wa mzaha, hata msibani. "Mademoiselle injenia," akasema, "serikali ilikupa karatasi yenye muhuri. Ile karatasi inajua kutengeneza kitu, ama ni ya kufungia sambusa?"

Nikasema nitatengeneza bodi mpya. Nilisema haraka, na nilianza kujuta kabla sijafika nyumbani.

Bodi tupu yenye ngozi ya shaba niliyoifahamu mjini ilikuwa moja tu, ya mwalimu wangu, Mwalimu Kambale. Ndiye aliyenifundisha chuoni, na sasa macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Aliona vivuli na vitu vinene. Alinipa ile bodi pamoja na chupa yenye dawa ya kula shaba, mabaki tu, ya kutosha kazi moja. Siku zile hatukuwa na mashine. Ulichora njia za umeme juu ya shaba kwa rangi ya kucha, ukaizamisha bodi ndani ya dawa. Shaba iliyo wazi huliwa. Iliyojificha chini ya rangi hubaki, nayo ndiyo inayokuwa njia. Maji yakimwagika hayazoleki, na shaba ikiliwa hairudi.

Unaelewa sasa kwa nini sikulala? Bodi moja, dawa ya mara moja, na mama.

Mwalimu alinikalisha kwenye benchi lake akanikumbusha yale aliyotufundisha. Nakuambia nawe, maana kompyuta yako imebadilisha kalamu tu, umeme ni uleule. "Usianze na mistari," alisema. "Mutu anajenga nyumba kwanza, njo anakata njia." Kwanza weka vile visivyo na hiari ya mahali: matundu ya skrubu, maana sanduku limekwisha kutobolewa, vishikio vya nyaya nene za betri, na transista kubwa inayochemka, ambayo lazima ikae ukingoni ili iegemee bati la kupoza joto. Ukikosea hao, umekosea wote. Kisha walete jamaa zao karibu nao, wanaofanya kazi pamoja wakae pamoja. Kapasita, ghala dogo la umeme, ikae miguuni kabisa pa chombo inachokihudumia, maana mwenye njaa ya ghafla hasaidiwi na ghala la mlima wa pili. Lakini usiikalishe ubavuni mwa yule anayechemka. Joto litaikausha kama mboga juani.

Ndipo mistari. Umeme mwingi upewe njia pana na fupi. Mdogo wa kupeleka habari tu anatosheka na kijia. Kona kali uziepuke, uzungushe taratibu, hasa unapochora kwa mkono, kwa sababu rangi hubanduka kwenye ncha. Acha nafasi kati ya jirani na jirani. Acha na nafasi ya vidole vya atakayekuja kutengeneza baada yako, maana hakuna bodi isiyougua.

"Na mustari wenye miye sioni na haya macho," Mwalimu akamalizia, "umeme nayo haitauona. Nenepesha."

Nikacheka. Naye akawa mzito ghafla. "Masika, batoto ba shule banachora njia ya kwenda tu. Wanasahau ya kurudi. Umeme haubaki kule unaenda. Unarudi kwa betri, wote, kama vile ulitoka. Ukiupa njia pana ya kwenda na kajia kembamba ya kurudi, utakwama mule mule. Fikiri kwanza vile utarudi nyumbani." Mkewe alikuwa amekwenda Kayna kuzika dada yake, vita vikamfungia huko, akafia huko.

Nikachora. Nilitumia karatasi kwanza, kama inavyotakiwa. Njia ya kurudi ya mzigo mkubwa niliipitisha peke yake, isipite miguuni pa kile kijidude kinachopima umeme, maana kingetikiswa na kupima uongo. Zote nikazikutanisha mahali pamoja, karibu na kishikio cha hasi. Kisha nikaanza kuogopa kioo. Ukichora ukiangalia upande wa vyombo, halafu ukageuza bodi, kulia kunakuwa kushoto, na transista inasimama kinyume na kuungua. Nikaandika herufi M kwenye kona ya upande wa shaba: ikisomeka vizuri upande huo, sijageuza vibaya. Halafu nikajiuliza: na kama M ikigeuzwa nayo inaonekana M? Na kweli, M ni M hata kwenye kioo! Nikafuta nikaandika R. Usicheke, mwanangu. Au cheka. Mama alicheka.

Mwalimu alikuwa na desturi: mchoro hausemwi umekwisha hadi usomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole kimoja kwenye mchoro wa saketi na kingine kwenye bodi. Kwa kuwa sikutaka kuondoka kando ya kitanda, nikaubandika ukutani nikawa nauimba. "Chanya ya betri hadi fyuzi." Kutoka kitandani sauti ya mama, nyembamba, akiitikia kama kwenye litania: "Utuombee." "Fyuzi hadi mguu wa kwanza wa transista." "Utuombee." Tulicheka wote wawili mpaka akashika tumbo, na kicheko kikawa kitu kingine.

Usomaji ule ulitoka safi. Hakuna kilichokosewa. Siku iliyofuata ningeweza kupaka rangi.

Nikachora upya.

Na siku iliyofuata tena. Papa Katembo alipita kuniuliza, akashika karatasi yangu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Injenia, hii karatasi itatoboka na kufuta. Tutaona Beni kupitia hapa bila foni." Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Jirani yetu akaniuliza, nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, methali ambayo haikuhusu kabisa, lakini nilihitaji kusema kitu. Alasiri nilikwenda parokiani kumsikiliza Kakule, ambaye sasa alikuwa anauliza mara moja tu na kunyamaza. Nikirudi, mama ananitazama. "Ameuliza?" "Ameuliza, mama." "Na plake, ile bodi yako?" "Bado kidogo."

Aligeuza uso ukutani. Hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu.

Basi ndipo ikafika ile siku. Nilimpelekea Mwalimu mchoro mpya, nikausoma wote kwa sauti, yeye akisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Hii ya leo na ile ya jana, tofauti yake ni nini?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimesogeza kapasita moja upana wa punje ya mchele, kisha nikairudisha.

"Haraka haraka haina baraka, Mwalimu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ziko za pande zote, mutoto wangu. Zinangojea mutu achague." Akapapasa benchi mpaka akapata mkono wangu. "Donc, basi, hauko unatengeneza plake tena. Plake ilikwisha. Uko unafanya nini?"

Nikasema naogopa mstari utaungua.

"Hapana. Uko unamulinda mama. Unafikiri mama anashikwa hapa na lile neno. Akilisema, hana tena kitu cha kumushika, ataenda. Njo maana foni inabaki bubu."

Mwanangu, sijawahi kusomwa namna ile, mstari kwa mstari, na mtu asiyeona. Kila alichosema kilikuwa kweli, nami sikuwa nimekijua hadi alipokitamka. Nilikuwa nafanya hesabu za upana wa shaba, na chini ya hesabu zile kulikuwa na mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Nililia juu ya mchoro hadi penseli ikachafuka.

Aliniacha nilie. Kisha akasema polepole, "Bibi yangu kule Kayna angepata hata sauti yangu tu. Mama atakufa, Masika, plake ikiwa muzuri ao mubaya. Kitu kimoja unaweza kumuchagulia: aende na jiwe, ao aende bila."

Nilirudi nyumbani nikakaa kando ya kitanda. Nikamwuliza mama, sijui kwa nini, kama maumivu yamezidi. Akasema, "Nangojea tu." Nikasema, "Usiningojee tena, mama. Naenda kupaka."

Nilipaka mistari kwa rangi ya kucha nyekundu, mipana kiasi kwamba Mwalimu aliiona bila kuinama. Ikakauka. Nilimwaga dawa ndani ya beseni la plastiki, nikashika bodi kwa ukingo. Mkono ulikataa. Nikauambia: hata ukikataa, atakwenda. Nikaizamisha. Nikaanza kulitikisa beseni taratibu, na shaba ikaanza kufifia, pole pole, pale tu palipotakiwa.

Kesho yake nilitoboa matundu, nikalehemu, na juu ya mistari miwili ya mzigo, wa kwenda na wa kurudi, nikalaza waya mnene wa shaba na kuumwagia risasi ya kulehemu, ili njia iwe nene zaidi kuliko ngozi ya shaba ingeweza kuwa. Mwalimu alipapasa kila kitu kwa vidole. Papa Katembo akafunga skrubu, akabonyeza kitufe. Taa haikuzimika. Hakufanya mzaha. Alivua kofia.

Vijana wa mtaa walimbeba mama kwa kipoyi, kitanda cha kubebea mgonjwa, wakibadilishana mabega kwenye ule mteremko, na kila tulipopita watu walisimama wakidhani tumekwisha kufiwa. Mama aliwapungia mkono ili wajue bado.

Alasiri ile Kakule akaita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetimiza wajibu tu. Papa Katembo akambonyezea mama kitufe, akamsogezea kipaza sauti.

"Kakule. Ni miye mama yako. Lile neno nilikutupia mulangoni, nalirudisha. Nimelichukua mwenyewe. Hapana kaa nalo. Njia ikifunguka urudi nyumbani, hata kama sitakuwako. Uoe, uzale, ukae muzuri na batu." Kisha akatema mate kidogo mbele ya kipaza sauti, kama wazee wetu wanavyobariki. "Wasingya, mwanangu." Asante, kwa lugha yetu.

Mimi nilikuwa nimeweka vidole juu ya bodi, kwenye ule mstari wa kurudi. Ulikuwa vuguvugu tu, kama paji la uso la mtoto mzima.

Papa Katembo akaachilia kitufe. Mvumo ukajaa chumbani, mrefu, nikafikiri tumempoteza. Ndipo: "Mama. Nimesikia. Urudie... hapana, mama, usirudie, usichoke. Nimesikia yote."

Papa Katembo alikuwa na kitambaa cha kufutia kipaza sauti kila mtu alipomaliza. Siku ile hakukifuta.

Mama hakulimaliza lile juma. Mwalimu alikuwa amesema kweli, na ukweli ule bado unaniuma hadi leo. Kuna siku najiuliza kama ningechora mara moja zaidi tungepata naye Jumapili nyingine. Halafu nakumbuka uso wake kwenye kipoyi tulipokuwa tunarudi. Alikuwa amelala. Kakule hakumzika. Njia ilipofunguka alikuja, akaingia kwa ule ule mlango, akakaa sakafuni, tukalia pamoja. Hakuwa na jiwe.

Watu waliniambia niiondoe bodi ile nikaiweke kama kumbukumbu, kwa kuwa imebeba sauti ya mama. Nilikwenda hata na bisibisi. Nikakuta foleni ya watu nje ya foni, kila mmoja na jina la mtu wake mdomoni. Nikarudisha bisibisi mfukoni.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Weka vyombo kabla ya mistari. Mwenye mzigo mpe njia pana, na njia ya kurudi uifikirie kabla ya ile ya kwenda. Acha nafasi ya mikono ya atakayekufuata. Soma kazi yako kwa sauti mbele ya mtu anayeweza kukukosoa. Ukikuta kosa, sahihisha. Ukisoma tena usikute kosa, na mkono bado unataka kufuta, weka kalamu chini ujiulize ni nini hasa unachoogopa, maana hakimo ndani ya bodi. Hofu hiyo haitakwisha. Mimi ni mzee sasa na bado ninayo. Lakini kuna mtu upande wa pili anauliza kila alasiri, na hajui kwamba unamsikia.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na ukitetemeka, akupe wa kuushika. Kila utakachokituma kipate njia ya kurudi nyumbani. Mimi nimekwisha kukumiminia dawa kwenye beseni. Leta bodi yako.